Diapazoni ya babu yako

Goma, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako nimeupata. Acha kujilaumu kwamba hukufika kwenye misa ya kuondoa matanga ya babu yako. Mitihani haingoji mtu, na yeye mwenyewe angekurudisha Bukavu kwa boti ya kwanza. Ila kuna jambo umeuliza ambalo nimeona nisilijibu kwa simu: kwa nini watu hawakulia wakati wa mahubiri, wakalia pale mkuu wa korali alipopiga diapazoni, kile chuma kidogo cha kutafutia sauti ya kuanzia wimbo.

Wewe ulimkuta babu yako akiwa mzee wa fimbo. Mimi nilimkuta na miguu ya kukanyaga kinanda misa nzima. Kinanda chetu cha zamani hakikuwa cha umeme. Unakanyaga kushoto, unakanyaga kulia, mivukuto inavuta hewa, hewa inapita kwenye vilimi vya shaba, ndipo sauti inatoka. Unyevu wa ziwa Kivu uliila ile ngozi ya mivukuto, panya nao wakala sehemu yao, na Papa, baba yangu, akawa anaziba matobo kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Jumamosi, kabla ya mazoezi, alikifungua chote juu ya mkeka. Mimi nilishika kopo la maziwa lenye skrubu, na ole wangu ipotee hata moja. Nilikuwa na miaka minane na sikutaka kazi nyingine duniani.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara ulikuja ulipotaka, na kanisani hakulipwa kitu. Mama ndiye aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kule Birere ili tule, kwa hiyo watu walisema: yule bwana ameoa kinanda. Maneno hayo yanaweza kukufikia siku moja, ndiyo maana nakuandikia nilichokiona kwa macho yangu. Saa kumi alfajiri Mama alitoka kwenda kuwangoja wavuvi warudi na mavuno ya usiku. Papa aliamka pamoja naye, akamsindikiza, akarudi na maji ya ziwa kichwani. Mwanaume, mwalimu, na dumu kichwani! Majirani walicheka. Yeye alituogesha, akatuwekea uji, akafua, ndipo akavaa koti la shule.

Na jioni, tukichambua maharagi, alitugawia sauti. Mama alto, kaka yangu tenori, mimi soprano, yeye besi. Daftari la solfa, la noti za do-re-mi, liliegemea sufuria. Nyimbo za Pasaka na za Noeli zilipita jikoni kwetu kabla hazijafika kanisani, na mpaka leo kuna wimbo mmoja wa Kwaresima nikiusikia napata harufu ya maharagi.

Ile diapazoni haikukosekana mfukoni mwake. Chuma chenye meno mawili, unakigonga gotini, unakiweka shina lake kwenye mfupa nyuma ya sikio, na kichwa chote kinajaa noti ya la. Mitetemo 440 kwa sekunde, alipenda kutuambia, ni ileile Goma na ileile Roma. Kutoka hiyo la alishuka taratibu hadi do ya wimbo, akaipatia kila sauti pa kuanzia. Nikiwa na miaka kumi na miwili alinipa zaburi ya mkesha wa Pasaka. Nikapotea kwenye ubeti wa pili. Kanisa zima likageuka kuniangalia. Angeweza kunifunika kwa kinanda, watu wasahau. Hakufanya hivyo. Aliondoka kwenye kiti chake, akashuka mpaka nilipo, akagonga goti, akaniwekea chuma nyuma ya sikio, akangoja. Alingoja mpaka pumzi yangu ilipotulia. Nikaanza upya na nikamaliza. Nyumbani hakusema neno, alinisogezea tu sahani yake ya samaki.

Sasa nifike kwenye swali lako. Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ilipasuka ubavuni na mto wa moto ukashuka mjini. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Vijana wanne wa korali walifika mbio na chukudu moja, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, wakasema: Mwalimu, tukatoe kinanda, bado kuna nafasi. Papa alitazama upande wa kanisa. Nilimwona alivyotazama, mwanangu, sijawahi kusahau. Kisha akasema, "Mpandisheni mama yangu." Mama yake miguu ilikuwa imekufa. Tukamfunga kwa kitenge juu ya chukudu, vijana wakasukuma, Papa akashika mkono wa Mama, tukavuka mpaka wa nchi kwenda Gisenyi, Rwanda, katikati ya ule umati. Usiku lava ilifika ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilizikwa, na kinanda nacho kikaenda.

Tuliporudi mawe yalikuwa bado na moto, yanakula soli za viatu. Misa ya kwanza tuliyoimba ilikuwa nje, watu wamesimama katikati ya moshi, hawana nyumba, wengine hawajawaona watoto wao. Hakukuwa na kinanda wala ngoma wala daftari. Korali ilisimama kama watu waliosahau kuimba. Papa akainua goti, akagonga. Palikuwa kimya kiasi kwamba tuliosimama karibu tulikisikia kile chuma kidogo. Akashuka hadi do, akaanza besi peke yake, tena akaanza taratibu mno, mpaka wakaingia mmoja mmoja. Kwa miaka mingi baada ya hapo kanisa letu liliimba hivyo, bila kinanda. Waliolia juzi ni wale waliokuwepo siku ile.

Ya mwaka 2021, mlima ulipopasuka tena, unayakumbuka mwenyewe. Jumamosi tarehe 22 Mei, mkesha wa Pentekoste, mbingu ikawa nyekundu tukiwa kwenye mazoezi. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuhesabu wajukuu wake. Ukamwambia umekwisha kumhesabu hata yeye.

Jambo moja hukuliona, maana ulikuwa umeshaenda chuoni. Baada ya Mama kufariki aliendelea kuimba jikoni jioni, besi yake peke yake. Palipofika pa alto kuongoza alinyamaza, akahesabu mapigo kwa kidole mezani, zamu yake ikirudi akaingia. Sikuthubutu kuijaza nafasi ile. Nilibaki mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

Nimesikia unaongoza korali ya wanafunzi wenzako. Kaka yangu nami tumekubaliana. Jumanne shangazi yako anapanda boti ya asubuhi, nenda umpokee bandarini. Amebeba unga, sambaza kavu, na kifurushi cha kitenge cha bluu ambacho hataki kukiweka kwenye mizigo. Usigonge diapazoni kwenye meza wala kwenye jiwe, meno yatapinda na la itaharibika. Goti tu. Ukishaipata nipigie simu usiku, ukiwa pahali patulivu, uigonge karibu na simu nisikie.

Mama yako akupendaye