Risasi zimeadimika, mazoezi yasisimame

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumze na wapenzi wa mchezo wa kulenga shabaha, na hasa viongozi wa klabu zao. Bei ya risasi inapanda karibu kila mzigo mpya unapoingia, na kuna miezi ambayo hata mwenye fedha taslimu hupewa jibu la kurudi wiki ijayo. Viwanjani watu wamegawanyika. Wako wanaosema bora bunduki ikae kabatini mpaka hali itulie, na wako wanaobeba kila boksi wanaloliona. Kundi la kwanza linapoteza ustadi wa mkono, kundi la pili linaongeza uhaba. Mlengaji mwenye risasi 20 kwa wiki na mpango wa kuzitumia hupanda kiwango kuliko anayechoma 100 ili mradi zimepigwa.

Kwanza tuelewe kinachotubana. Risasi moja ina vitu vinne: ganda la shaba iliyochanganywa na zinki, fataki ya kuwasha, baruti, na kichwa chenyewe cha madini ya risasi. Kikikosekana kimoja tu, hivyo vingine vitatu ni vyuma na unga. Fataki hutengenezwa na viwanda vichache sana duniani. Baruti ya kisasa msingi wake ni nitroselulosi, inayotokana na nyuzi za pamba, na tangu vita vya Ukraine vilipopanuka Februari 2022 nitroselulosi hiyo hiyo inagombewa na watengenezaji wa makombora ya mizinga. Mchezaji anabaki nyuma ya foleni. Juu ya hapo kuna hofu ya wanunuzi. Marekani, baada ya wimbi la ununuzi lililoanza mwishoni mwa 2012, risasi ndogo za .22 (kipenyo cha inchi 0.22 hivi), ambazo siku zote ndizo za bei nafuu kabisa, ziliadimika kwa miaka kadhaa ilhali viwanda vilikuwa vikizizalisha. Zilikuwepo, ila zimejaa kwenye magunia ya watu majumbani.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu: mazoezi makavu, yaani kulenga na kufyatua bila risasi. Walengaji wa kiwango cha Olimpiki hufanya sehemu kubwa ya kazi yao hivyo hata nyakati za neema. Lakini yafanywe kwa utaratibu usiovunjwa. Risasi zote zitoke chumbani, zifungiwe chumba kingine. Toa magazini, fungua chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa), itazame kwa macho, kisha iguse kwa kidole. Shabaha ibandikwe kwenye ukuta wa tofali au mawe ambao ng'ambo yake hapakai mtu, si mlangoni wala kwenye ukuta wa mbao. Dakika 15 zinatosha, kwa kuwa baada ya hapo umakini huchoka na unaanza kujifundisha makosa. Ukimaliza, bandua shabaha, sema kwa sauti "nimemaliza", funga bunduki mahali pake, ndipo risasi ziguswe. Hatari kubwa haiko katikati ya zoezi. Iko dakika ile mtu amekwisha kurudisha risasi kwenye bunduki, kisha anajiambia afyatue kavu moja tu ya mwisho.

Shabaha ya nyumbani ikatwe kwa kipimo. Duara jeusi la shabaha ya bunduki ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 112.4, kwa hiyo ukisimama mita 5 unahitaji duara la milimita 11 hivi. Pima umbali kutoka jichoni, si kutoka mdomo wa mtutu. Kwa umbali mfupi namna hiyo tofauti ya mita moja inaharibu hesabu yote. Kisha angalia jambo moja tu: kilengeo cha mbele kinafanya nini wakati kifyatulio kinapoachia. Kikibaki palepale, umefaulu. Kikiruka kushoto au kulia, kidole kinasukuma badala ya kuvuta moja kwa moja nyuma. Asiyeamini macho yake aweke sarafu juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele, afyatue mara 10. Sarafu ikianguka mara tatu, kuna kazi ya kufanya kabla ya kufungua boksi lolote la risasi.

Tahadhari ya chombo chenyewe: si kila bunduki inavumilia kufyatuliwa kavu. Risasi ya .22 hugongwa ukingoni, kwa sababu fataki yake imefichwa ndani ya ukingo wa ganda. Katika bunduki nyingi za zamani za aina hiyo, ganda lisipokuwepo pini hugonga ukingo wa chemba na kuutia kovu. Baada ya hapo maganda hugoma kutoka, na kurekebisha chemba ni ghali kuliko risasi zote ulizodhani umeokoa. Soma kijitabu cha mtengenezaji, na kama hakiruhusu, tumia risasi bandia iliyotengenezwa mahsusi kwa kufyatuliwa kavu, maana nyingine ni za kufundishia kupakia tu. Bunduki ya hewa ya springi ndiyo isifyatuliwe tupu kabisa. Kirisasi kikikosekana mbele, hewa haipati kizuizi, pistoni inakwenda kugonga ukuta wa silinda bila mto wowote, na mpira wa kuzibia unachakaa upesi.

Siku ya uwanjani, gawanya zile 20. Tano za mwanzo zipigwe bila kupasha moto na ziandikwe zilivyo, kwa sababu ndizo zinazosema ukweli kuhusu mazoezi ya wiki nzima. Kumi zitumike kwa kosa moja tu ulilolichagua nyumbani. Tano za mwisho zipigwe kama mashindano, moja moja, na kabla hujatazama shabaha tangaza ilipokwenda: juu, chini, kulia, kushoto. Andika ulichotangaza kando ya kilichotokea. Vikilingana, unajua unachofanya hata kama alama ni ndogo. Kupiga zilizobaki "ili boksi liishe" kukome. Boksi halina haraka.

Anayeshtuka anapofyatua asitibiwe kwa risasi nyingi zaidi. Mwenzake ampakie magazini ya 10, ndani yake 3 zikiwa bandia, mahali asipopajua. Inapofika zamu ya ile bandia, tazama mdomo wa mtutu. Kwa mtu anayesubiri teke la bunduki, mtutu unachovya chini waziwazi kabla ya kutulia, na watazamaji wote wanauona. Aliyepakia aandike mpangilio kwenye karatasi, kwa sababu risasi halisi nayo huweza kukataa au kuchelewa kulia. Kama si zamu ya bandia, bunduki ibaki imeelekezwa kwenye shabaha kwa sekunde 30 kamili kabla ya kufungua chemba.

Sehemu nyingine inayomeza risasi ni kurekebisha darubini. Mtu anapiga moja, anageuza kitufe, anapiga nyingine, anageuza tena, na boksi linakwenda akikimbiza mtawanyiko wa kawaida wa bunduki yake. Anza mita 25. Kwa bunduki ya bolti (chuma cha kuvutwa kwa mkono kinachofunga chemba kwa nyuma), chomoa bolti, laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu mpaka shabaha ikae katikati ya duara la mtutu, kisha bila kuisogeza bunduki zungusha vitufe mpaka alama ya darubini ikae papo hapo. Hujapiga hata moja na tayari umo ndani ya karatasi. Sasa piga 3, tafuta katikati yake, pima kwa rula. Darubini ambayo mbofyo mmoja ni sentimita 1 kwa mita 100 husogeza milimita 2.5 kwa mita 25, hivyo kundi lililo milimita 45 chini linataka mibofyo 18 juu. Zungusha yote 18 kwa mara moja, piga 3 nyingine za kuthibitisha, kisha nenda umbali wako na umalizie kwa 3 au 5. Kabla ya yote hayo kaza skrubu za vishikizo vya darubini, maana iliyolegea huzaa mahesabu ambayo hayaishi.

Klabu zinazofundisha wanafunzi kwa bunduki za baruti tangu siku ya kwanza zinajiumiza bure. Bunduki ya hewa ya milimita 4.5 haina ganda, fataki wala baruti, ndiyo maana msukosuko huu unaigusa kidogo. Kirisasi chake kina uzito wa nusu gramu hivi, wakati kichwa cha risasi ya kawaida ya .22 kina gramu 2.6, madini ya kimoja yanatoa vitano. Na asidhani mtu kwamba ni mchezo wa watoto. Umekuwa kwenye Olimpiki tangu Los Angeles 1984, na duara la kumi kwenye shabaha ya bunduki ya mita 10 lina kipenyo cha nusu milimita. Nyuma ya shabaha wekeni sanduku la chuma lenye bamba lililoinama, virisasi vianguke ndani na madini yakusanywe. Msitumie vigololi vya chuma kwenye sanduku hilo, vinarudi usoni. Anayelisafisha asifagie vumbi likiwa kavu, na asile kitu kabla ya kunawa kwa sabuni. Madini haya ni sumu, kwa watoto hasa.

Kwa wapiga visahani, yaani wanaolenga visahani vinavyorushwa hewani, suala ni gramu. Sheria za kimataifa za mashindano ya visahani zinakomea gramu 24 za marisau (punje ndogo za madini) kwa kila risasi moja, lakini wengi bado wanazoeza kwa gramu 28. Kilo moja ya madini inatoa 35 za gramu 28, ila inatoa 41 za gramu 24, na bega linapata nafuu. Wanaofikiria marisau ya chuma kwa kuwa ya risasi yamepanda wajue kwamba chuma ni chepesi zaidi, hivyo huchaguliwa punje kubwa kwa saizi mbili, na mtutu wa zamani wenye mdomo uliobanwa sana usilishwe chuma kabla fundi hajaupima.

Jambo linalonitia hofu kuliko bei ni vitu ambavyo watu huanza kuvikubali wakati wa uhaba. Mfuko wa risasi mchanganyiko ulioachwa na mtu aliyeacha mchezo unaonekana bahati. Ndani yake yaweza kuwamo ya geji 20 miongoni mwa za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikizidi upana hupungua). Ile ndogo huteleza kupita chemba na kukwama mbele kidogo mtutuni, mpigaji anadhani hakupakia, anatia ya geji 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka mahali mkono wa kushoto uliposhika. Chambueni kila moja kwa kusoma maandishi ya kitakoni, na isiyosomeka isipigwe.

Risasi za zamani za ziada ya majeshi nazo nyingi zina fataki zinazoacha chumvi mtutuni. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani na kuleta kutu kwa siku chache tu, na mafuta hayaiondoi kwa sababu haiyeyuki katika mafuta. Mtutu usuguliwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo, ukaushwe kabisa, ndipo upakwe mafuta.

Wanaojaza risasi wenyewe nawaomba kitu kimoja. Baruti ya jina moja ikikosekana, isibadilishwe na nyingine kwa kipimo kilekile. Baruti mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutofautiana sana kwa kasi ya kuungua, na shinikizo likizidi ni bunduki na uso vinavyolipa. Bila kitabu cha mtengenezaji wa baruti ileile, acheni.

Viongozi wa klabu, nunueni kwa pamoja, tena namba moja ya mkupuo wa kiwandani, yaani zilizotengenezwa pamoja, kila inapowezekana. Risasi za .22 za mikupuo tofauti, hata za chapa moja, hubadili mahali pa kupiga, na kila badiliko linadai risasi za kurekebishia upya. Zihifadhiwe ndani ya maboksi yake, kwenye kabati kavu lisilo na joto la kupanda na kushuka, na zilizotangulia kuingia zitangulie kutoka. Msizipulizie mafuta ya kuzuia kutu, kwani huweza kupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Wekeni kikomo cha mauzo kwa kila mwanachama, kitangazwe ukutani, na kiwahusu wajumbe wa kamati sawasawa na wengine.

Na kabla ya kikomo hicho kugawanywa, ondoeni kwanza fungu la vijana. Mwanachama mkongwe akikosa risasi mwezi mzima anajua la kufanya na chumba chake, ukuta na duara la milimita 11. Kijana wa wiki ya pili akikuta boksi tupu haoni sababu ya kurudi, na klabu nyingi hazina njia ya kumtafuta. Risasi 10 kwa kila mwanafunzi kwa kila somo, baada ya wiki sita za bunduki ya hewa, ni mzigo ambao klabu inaweza kuubeba. Uamuzi huo uingizwe kwenye ajenda ya mkutano ujao wa kamati, si baada ya stoo kuisha.

Mkufunzi wa kulenga shabaha