Mita ya nguvu ipimwe kwanza, ndipo imhukumu kijana

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu msimu uliopita. Ni namna tunavyowachagua vijana wa mashindano ya baiskeli kwa kutazama namba inayotolewa na mita ya nguvu, yaani kile kifaa kinachofungwa kwenye krenki, ule mkono wa chuma unaoishika pedeli, ili kujua mwendeshaji anasukuma kwa wati ngapi. Kifaa chenyewe sikipingi. Ninakitumia kila siku, nimewafundisha vijana wengi kukitumia, na ningefurahi kila klabu ya huku Elgeyo Marakwet ingekuwa nacho. Ninachokipinga ni namba yake kupokewa kama hukumu isiyokatiwa rufaa, ilhali hakuna aliyeuliza imepimwa upande gani wa baiskeli, wala kama sifuri yake, yaani usomaji wake wakati hakuna mguu unaosukuma, iliwekwa asubuhi hiyo.

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mnamo Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kuletwa katika ardhi ya Afrika, hamu ya mchezo huu imepanda sana miongoni mwa vijana wetu. Waliomwona Tadej Pogačar akishinda kwenye vilima vya Kigali hawaniulizi tena alikuwa akienda kilomita ngapi kwa saa, bali alikuwa akisukuma wati ngapi, nalo ni swali la maana. Kasi hubadilishwa na upepo na mteremko. Mapigo ya moyo huchelewa kuitikia, na tena hupanda kwa joto au kwa kukosa usingizi hata kama miguu haijafanya kazi ya ziada. Wati huonyesha kazi inayofanyika papo hapo, iwe mtu anapanda kutoka bonde la Kerio kuja Iten au anakata tambarare ya Uasin Gishu.

Ni vyema msomaji ajue hasa kinachopimwa. Mwaka jana niliifungua mita moja iliyokuwa imeingia maji ikafa, nikaiweka mezani vijana waitazame kwa karibu. Chini ya tabaka la mpira mlaini kulikuwa na kipande cha utando kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, chenye mstari mwembamba wa metali uliokwenda na kurudi mara nyingi kama mshono wa cherehani, kimegandishwa juu ya chuma kwa gundi ambayo ncha ya kisu haikuweza kuibandua. Hicho ndicho kiini cha kifaa chote. Mguu unaposukuma pedeli, chuma cha krenki hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho; utando ule hunyooka pamoja nacho, na unaponyooka, ukinzani wake wa umeme hubadilika kidogo. Mita hulisoma badiliko hilo kama msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha krenki, unaopimwa kwa nyutoni mita, kisha huuzidisha kwa kasi ya kuzunguka kwa krenki, na jibu lake ndilo wati. Mtu anayetoa wati 200 kwa mizunguko 90 kwa dakika ana msokoto wa wastani wa nyutoni mita 21 hivi, sawa na uzito usiofika kilo 13 ulioning'inia kwenye ncha ya krenki ya milimita 170. Kwa chuma kilichotengenezwa kubeba mwili mzima wa mtu anayesimama juu ya pedeli, hiyo ni alama ndogo mno, na ndiyo maana kosa dogo katika kuisoma huwa kubwa linapofika kwenye kioo cha kompyuta ya hendelini.

Mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer, aliyeanzisha kampuni ya SRM mwaka 1986 kwa ajili ya mita za namna hii, aliziweka kwenye kitovu chenye matawi kinachoshika sproketi ya mbele, ile duara ya meno inayovuta cheni. Greg LeMond wa Marekani, mshindi mara tatu wa Tour de France, alikuwa miongoni mwa waendeshaji wa kulipwa wa kwanza kuzitumia. Hapo kwenye kitovu, kani ya miguu yote miwili hupita kabla ya kuingia kwenye cheni, kwa hiyo mita huiona yote. Lakini mita nyingi zinazofika mikononi mwa vijana wetu si za kitovu. Ni za mkono wa kushoto peke yake, kwa sababu bei yake ni nafuu zaidi, na hata hiyo nafuu ni fedha ambayo familia nyingi hapa zingenunulia ndama. Mita ya namna hiyo huusikia mguu wa kushoto tu, halafu huichukua namba ya mguu huo na kuizidisha kwa mbili, ikikisia kwamba mguu wa kulia unafanya kazi ileile. Kwa mtu ambaye miguu yake inalingana, hesabu hiyo haina madhara. Binadamu wengi, hata hivyo, hawalingani miguu, na tofauti yenyewe hubadilika kadiri mtu anavyochoka.

Hapo ndipo ulipo uchungu wangu. Kijana mmoja ninayemfundisha, ambaye jina lake sitalitaja, alivunjika mguu wa kushoto akiwa na umri wa miaka 14 alipoanguka kutoka kwenye mti wa mwembe kule bondeni kwa bibi yake. Mfupa uliunga vizuri, anatembea na kukimbia bila tatizo, na kwenye mlima ni wachache wanaoweza kumfuata. Msimu uliopita alikwenda kwenye majaribio ya kuchagua timu. Kila kijana alipewa dakika 20 za kupanda, na kwa kuwa hawakupanda pamoja, waliokuwa wakichagua waliamua kutumia wati kwa kila kilo ya mwili. Baiskeli yake ilikuwa na mita ya mkono wa kushoto. Ilisoma wati 246, na kwa uzito wake wa kilo 58 hiyo ni 4.24 kwa kilo. Aliambiwa hajafikia kiwango, akavua namba mgongoni, akarudi nyumbani kwa matatu na baiskeli ikiwa imefungwa juu ya paa.

Alipofika kwangu alisema, “Mwalimu, mimi pale sikuwa nimechoka.” Nilimjibu kwamba namba haidanganyi. Maneno hayo najutia hadi leo, kwa sababu mimi ndiye niliyemfungia mita ile, na nilijua habari ya mguu wake.

Wiki tatu baadaye niliazima mita ya kitovu inayolingana na krenki zake, nikaifunga upande wa kulia huku ile ya kushoto ikibaki mahali pake, ili mita mbili zipime safari moja kwa wakati mmoja. Tuliziwekea sifuri zote mbili, akapanda kwa dakika 20 kwa nguvu zake zote, nami nikimfuata kwa pikipiki. Mita ya kushoto ilisoma tena wati 246. Ya kitovu ilisoma 280. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukitoa asilimia 44 ya kazi na wa kulia asilimia 56, na mita ya kushoto ilikuwa ikiizidisha mara mbili ile sehemu ndogo. Kijana huyo alikuwa na wati 4.8 kwa kila kilo, si 4.24. Tuliporudia wiki iliyofuata, tofauti ilikuwa ileile. Niliyapeleka majibu hayo kwa waliohusika, nikaambiwa orodha imeshafungwa. Simlaumu mtu kwa nia mbaya. Nasema tu kwamba kosa kama hilo lingeweza kuzuiwa kwa swali moja lililoulizwa mapema.

Jambo la pili ni sifuri. Chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na utando ule hauwezi kujua wenyewe kama umenyooshwa na mguu au na jua. Mita za kisasa zina namna ya kujirekebisha kwa joto, lakini hazifanyi kazi hiyo kwa ukamilifu, wala si zote zinafanana. Sisi wa Iten tunaishi mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri mtu huvaa glavu. Baada ya saa moja ya kuteremka yuko Kerio, ambako joto humfanya afungue zipu hadi kifuani. Krenki iliyowekewa sifuri jikoni karibu na jiko la makaa haiko sawa inapofika barabarani, na haiko sawa tena inapofika bondeni. Ikiwa sifuri imepotoka kwa nyutoni mita 1 tu, basi kwa mizunguko 90 kwa dakika kosa ni zaidi ya wati 9, na kwa mita inayozidisha kwa mbili linakaribia 19. Vijana wameachwa nje ya timu kwa pungufu ya hapo. Kuweka sifuri ni kazi ya nusu dakika: baiskeli ikae nje kwanza hadi izoee hali ya hewa, krenki isimamishwe ikitazama chini, pasiwe na mguu juu ya pedeli, kisha kibonyezwe kitufe. Aliyefungua krenki au kubadilisha sproketi usiku wa kuamkia mashindano anapaswa kusukuma kwa nguvu mara kadhaa ili vyuma vikae mahali pake, halafu arudie sifuri.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya vifaa vya bei ya chini na ya vijijini. Nawakumbusha habari ya Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kimchezo na David Kinjah wa Kikuyu. Tarehe 14 Julai 2015 aliwaacha wenzake wote kwenye mlima wa La Pierre-Saint-Martin katika Tour de France, na televisheni moja ya Ufaransa ikatangaza makadirio ya wati 7.04 kwa kila kilo, makadirio yaliyomtia katika tuhuma nzito za kutumia dawa za kuongeza nguvu. Timu yake ililazimika kuweka namba hadharani. Kocha Tim Kerrison alisema mita ilisoma wastani wa wati 414 kwa dakika 41 na nusu hivi, na Froome alikuwa na kilo 67.5. Ukigawanya utapata 6.13. Lakini Kerrison aliongeza kwamba sproketi ya Froome haikuwa duara kamili bali ya umbo la yai, na kwamba kwa sababu hiyo mita ilikuwa ikizidisha kwa takriban asilimia 6, hivyo namba ya kweli ilikuwa 5.78. Sababu yake inaeleweka: kwenye sproketi ya umbo la yai, mguu huenda polepole pale unaposukuma sana na haraka pale unaposukuma kidogo, ilhali mita nyingi za krenki huchukua kasi ya wastani ya mzunguko mzima na kuizidisha kwa msokoto wa wastani, kwa hiyo jibu huvimba. Ikiwa mshindi wa Tour de France, mwenye mafundi na wataalamu wa kumtosha, alihitaji maelezo hayo ili namba yake isomwe kwa haki, kijana wa Kerio anastahili walau kuulizwa sproketi yake ni ya namna gani.

Ninayoyaomba kwa waandaaji wa majaribio hayahitaji bajeti kubwa. Anayetaka kulinganisha vijana kwa wati awapime wote kwa mita moja iliyofungwa kwenye baiskeli moja, au awapandishe wote mlima uleule asubuhi ileile na kuwapima kwa saa, kwa sababu saa haina mguu wa kushoto. Ikiwa kila mmoja atatumia mita yake, iandikwe ni ya upande gani, na mita ya mkono mmoja isitumiwe kumwondoa mtu. Uzito wa mwili upimwe siku hiyo kwa mizani moja. Nimeona wati za kijana zikigawanywa kwa kilo zilizoandikwa kwenye fomu ya mwaka uliotangulia, na kwa umri wake alikuwa ameshaongezeka kilo 4. Mwinuko nao uandikwe. Hewa ya Iten ni nyepesi, na anayesukuma wati 280 hapa kwa dakika 20 atasukuma zaidi ya hizo Mombasa, kwa hiyo karatasi mbili zisizotaja mahali hazipaswi kuwekwa kwenye meza moja.

Kwako wewe, Mhariri, na kwa waandishi wako wa michezo, nina ombi pia. Mnapochapisha kwamba mwendeshaji fulani ametoa wati 400, tafadhali mtaje ni kwa muda gani na kwa uzito upi. Wati 400 kwa sekunde 30 wengi wa vijana wangu wanaziweza. Kwa dakika 40 ni habari nyingine kabisa.

Katika karakana yangu nina jiwe la mizani la kilo 20 lililohakikiwa na afisa wa vipimo. Ukilining'iniza kwenye ncha ya krenki ya milimita 170 iliyolala sawasawa, msokoto unapaswa kuwa nyutoni mita 33.4, na mita ambayo programu yake huonyesha msokoto itasema papo hapo kama inapunja au inazidisha. Kijana wangu amejipima hivyo mara mbili mwezi huu, na kila Jumanne na Jumamosi bado anapanda kutoka Kerio akiwa na ile mita ya kitovu ya kuazima. Klabu yoyote inayotaka kuhakikisha mita zake kabla ya majaribio yajayo ilete krenki zake Jumamosi mchana tukisharudi kutoka bondeni. Sitoi bili kwa kazi hiyo.

Wako mwaminifu,
Mkufunzi na fundi wa baiskeli,
Iten, Elgeyo Marakwet