Mafundi wa Misri walikuwa na majina, yaandikeni

Ndugu mhariri,

Salaam. Mimi ni fundi seremala, mwaka wa 26 huu niko kwenye hii kazi, na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku maana kijana wangu wa karakana analipitia asubuhi akienda kuchukua chai. Sasa juzi mmeweka makala ndefu ya Misri ya kale, picha nzuri kweli, dhahabu, sanamu, majeneza, nimesoma mpaka mwisho namtafuta fundi hata mmoja sijamuona. Ni farao huyu alijenga, farao yule alichonga, halafu mwishoni mwandishi anasema eti mpaka leo haijulikani walifanyaje, ni siri waliyozikwa nayo. Hapo ndo nimeumia nikasema lazima niandike.

Farao hakushika patasi ndugu mhariri. Walioshika wanajulikana, tena wanajulikana kwa majina na kijiji chao kipo mpaka leo, ng'ambo ya Nile ukiwa Luxor, panaitwa Deir el-Medina. Nyumba kama 70 zimebanana ndani ya ukuta, waliishi humo wachongaji na wachoraji wa makaburi ya mafarao kwa karibu miaka 500, baba anamrithisha mtoto. Walifanya kazi kwa makundi mawili, la kulia na la kushoto, kila kundi na msimamizi wake. Siku nane kazini, mbili mapumziko. Na walikuwa na karani anaandika kila kitu, karatasi za mafunjo zilikuwa ghali kwahiyo mengi yameandikwa kwenye vipande vya mawe na vigae, na vimefukuliwa kwa maelfu.

Kimoja kiko British Museum pale London, ni rejista ya mahudhurio ya mwaka wa 40 wa utawala wa farao Ramses wa Pili, mafundi 40 na sababu zao za kutokuja kazini. Mmoja kaumwa na nge, mwingine macho yanamsumbua, mwingine anamzika mama yake, kuna aliyebaki nyumbani kutengeneza pombe na kuna aliyekuwa anakunywa na mwenzake anaitwa Khonsu. Nilivyosoma hiyo orodha mara ya kwanza nikajikuta nawaona vijana wangu wa Jumatatu asubuhi. Hawa ni watu, jamani, watu kabisa kama sisi.

Vifaa vyao navyo vimeandikwa. Patasi zilikuwa za shaba, mali ya serikali, unakabidhiwa zimepimwa kwenye mizani, ikiwa butu unairudisha inapimwa tena ili usije ukamega shaba ukauza. Hata tambi za taa za kuwashia huko ndani ya kaburi zilihesabiwa, maana chini kule ni giza totoro.

Na hiyo siri mnayoisema iko wapi? Kaburi la farao Horemheb halikumaliziwa, kwahiyo hatua zote ziko wazi ukutani: kwanza mchoro wa rangi nyekundu, halafu mistari myeusi ya fundi mkuu anasahihisha, halafu patasi imeanza kuchonga ikafika mahali ikaishia. Kwenye kaburi la waziri Rekhmire kuna karakana nzima imechorwa, mmoja anapasua mbao kwa msumeno, mwingine anatoboa kwa keekee ya kuzungusha kwa uta, mwingine ana tezo, na chungu cha gundi kiko motoni. Mimi seremala nikiiangalia ile picha sihitaji mtu anitafsirie. Randa hawakuwa nayo, walisugua kwa mawe mpaka ubao ukalainika, na viungo vyao ni vilevile, ulimi unaingia kwenye tundu, ukikata vizuri hauhitaji msumari.

Halafu kuna hili ambalo nadhani wasomaji wenu wengi hawalijui. Ule mti mweusi waliothamini kule, uliokuwa unaletwa kutoka kusini, wao wakiuita hebni, wataalamu wa mbao wakiupima wanakuta ni mpingo. Mpingo huuhuu wetu! Na hilo jina lao ndo lilisafiri kwa Wagiriki na Waarabu likatufikia sisi likiwa abunusi. Kwahiyo ukiona kiti cha farao chenye mbao nyeusi usione kitu cha mbali, mchongaji wa Mtwara anaujua ule ugumu mkononi, anajua unavyokula makali ya patasi.

Kuhusu malipo. Walilipwa nafaka, ngano na shayiri, kila mwezi. Mwaka wa 29 wa Ramses wa Tatu, zaidi ya miaka 3,100 iliyopita, posho ikachelewa, siku 18 zimepita hamna kitu, mafundi wakaweka vifaa chini wakatoka wakaenda kukaa nyuma ya hekalu wakasema tumekuja hapa kwa sababu ya njaa na kiu, hatuna nguo, hatuna mafuta, hatuna samaki wala mboga, mwandikieni farao. Huo ndo mgomo wa kwanza wa wafanyakazi unaojulikana kwa maandishi, na waraka wenyewe upo Turin, Italia. Mimi nilishatengeneza madawati 60 kwa ofisi moja, sitaitaja, nikazungushwa miezi saba, njoo kesho njoo keshokutwa, huku wa mbao ananidai. Ndo maana nikisoma ule waraka nauelewa mpaka tumboni, na ndo maana sikubali makala iseme farao alichonga.

Mkitaka mfano wa kuheshimu ufundi chukueni boti ya farao Khufu. Ilikutwa mwaka 1954 kwenye shimo pembeni ya piramidi, imefumuliwa vipande 1,224, mbao za mierezi ambazo zilikuwa zinaunganishwa kwa kushonwa na kamba, kama mtepe wa pwani yetu. Aliyepewa kuiunga, Ahmed Youssef Moustafa, alikwenda kwanza kukaa na waunda mashua wa Nile akajifunza kwao, na kazi ikamchukua zaidi ya miaka kumi mpaka ikasimama, mita 43 na ushee. Mwandishi wenu naye angepita karakana yoyote kabla ya kuandika, tungemkaribisha.

Ombi langu ni moja. Mkirudia mada hii mwandikeni fundi mmoja anaitwa Kha. Alikuwa msimamizi wa ujenzi pale kijijini, kaburi lake na mkewe Merit lilikutwa 1906 halijaguswa, vitu vyao viko Turin. Alizikwa na tezo na patasi, na kiti kilichopakwa rangi kionekane kama kimenakshiwa kwa mpingo na pembe za ndovu, na rula ya mbao ya kukunja katikati pamoja na mfuko wake wa ngozi. Chapisheni picha ya hiyo rula hata iwe ndogo. Nitaikata niibandike juu ya benchi langu, na chini yake niandike jina lake kwa kalamu ya seremala.

Wenu msomaji,
Fundi seremala, Buguruni