Nyota moja bila maelezo haimsaidii mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo linanikera siku nyingi. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro, na siku hizi wateja wengi wanaokuja kibandani simu yao ni nzima kabisa, tatizo ni apu imegoma. Ya benki haifunguki, ya kununua umeme inazunguka tu, ya kikoba imenyamaza. Ukimuuliza mtu, umeshawaambia wenye apu? anakujibu ndio, nimewapa nyota moja. Ukiingia Play Store, lile duka la apu la Google, kusoma alichoandika unakuta "apu ya hovyo", "wezi nyie", "haifanyi kazi", basi, hakuna kingine.

Sasa jamani, developa, yaani mtengenezaji wa apu, akisoma "haifanyi kazi" aanzie wapi? Haifunguki kabisa, au inafunguka halafu inajifunga yenyewe, au inagoma ukishaweka namba ya siri, au ile meseji ya uthibitisho ndio haiji? Hayo ni matatizo tofauti kabisa na kila moja linatafutwa sehemu yake.

Kuna mama mmoja mweka hazina wa kikoba alikuja na hasira kwelikweli, apu yao inayomkumbusha siku za michango ilikuwa kimya, na matusi alikuwa ameshayaandika anataka nimsaidie tu kuyatuma. Nikamuuliza mama, imeanza lini? Akasema tangu nibadilishe simu, kule kwenye ya zamani ilikuwa inalia vizuri tu. Hapo hapo nikajua pa kuangalia, kwa sababu kuanzia Android 13 iliyotoka mwaka 2022, apu ukiiweka upya hairuhusiwi kutoa taarifa, zile meseji fupi zinazojitokeza kwenye skrini, mpaka mwenye simu akubali, na hiyo apu yao ilikuwa haiombi ruhusa yenyewe, inakaa tu. Nikamuwashia kwenye setingi, matusi tukafuta, tukaandika hivi: "Nimehamia simu mpya, vikumbusho haviji kabisa, apu haikuniomba ruhusa ya taarifa, nimewasha mwenyewe kwenye setingi sasa vinakuja." Mistari miwili tu. Wenye apu wakajibu kwa heshima, na apdeti iliyofuata ikawa inaomba ruhusa mara tu unapoifungua, kwa hiyo na wengine waliokuwa wamenyamaza na shida hiyo hiyo wakapona.

Watu wengi hawajui kwamba ukiandika maoni Play Store, mara nyingi developa anaona aina ya simu yako, toleo la Android na toleo la apu. Asichoona ni ulibonyeza nini, maneno gani yalitokea kwenye skrini, ilikuwa saa ngapi na ulikuwa unatumia bando au wifi. Hayo ndio ya kuandika. Na kule huwezi kuweka picha, kwa hiyo kama una skrinishoti itume kwa imeili yao ambayo ipo kwenye ukurasa wa apu, ila hakikisha salio lako halionekani, na kwenye imeili taja simu yako maana huko hawaioni.

Halafu hizi nyota zina uzito kuliko tunavyodhani. Tangu 2019 Google wanazipa nguvu zaidi nyota za karibuni, na tangu 2021 mtu mwenye simu anaonyeshwa wastani wa nyota za nchi yake. Maana yake apu ya vijana wetu wa Tanzania inahukumiwa na sisi wenyewe, na kama watumiaji ni wachache basi nyota moja za watu kadhaa waliokosa mtandao jioni moja zinaweza kuizika. Tatizo likishaisha rudi ukabadilishe maoni yako, inaruhusiwa, ni kuhariri tu.

Kuna kingine kinanitisha sana. Mtu hela yake imekatwa haijafika, anaingia kwenye maoni anaandika namba yake ya simu, jina kamili, kiasi na namba ya muamala, mbele ya dunia nzima. Matapeli nao wanasoma! Anapigiwa simu, "habari, tunatoka huduma kwa wateja, tumeona lalamiko lako la elfu themanini", anaambiwa ataje namba ya siri ili arudishiwe, na anaamini kwa sababu wanajua kila kitu. Namba ya muamala mpe huduma kwa wateja kwa kupiga wewe mwenyewe namba yao rasmi, kwenye maoni usiiweke kabisa.

Na nyie wenye apu nanyi msituchoshe. Mtu anaandika Kiswahili safi anaeleza shida yake vizuri, anajibiwa Kiingereza cha kukopi na kupesti kile kile walichojibiwa wengine wote, "tunaomba radhi kwa usumbufu", halafu kimya. Developa anapewa herufi 350 za kujibu, zinatosha kabisa kuuliza "ilikuwa unatuma kwenda mtandao gani?" Tuwekeeni ndani ya apu sehemu ya kuripoti tatizo, iwe kwa Kiswahili, isiyokula bando, inayotoa namba ya kumbukumbu ili mtu akirudi wiki ijayo asianze kueleza upya.

Fundi simu,
Morogoro