Mbona mnatupandisha Mnara wa Eiffel kwa miguu?

Swali hili hutufikia kwa WhatsApp mara kwa mara, hasa kutoka kwa wageni wa Dar na Nairobi: lifti ipo, sasa jasho la nini? Mmoja alituandikia kwamba yeye amelipia Paris, hakulipia mazoezi. Tulicheka, lakini jibu tunadaiwa.

Lifti itakufikisha, basi. Utabanana na watu, utashuka, utapiga picha. Ngazi za mguu wa kusini zinapita ndani ya chuma chenyewe: vidato 327 hadi ghorofa ya kwanza, mita 57 kutoka chini, na vingine 347 hadi ya pili, mita 116. Kutoka hapo kwenda kileleni ni lifti tu, hata kwa wenye mapafu ya mwanariadha.

Kituo chetu cha kwanza ni pale ribiti, yaani pini za chuma zenye kichwa zinazounganisha vipande, zinapofikiwa na mkono. Mnara huu una vipande 18,038 vya chuma, na ribiti milioni 2.5 ndizo zinazovishika. Kuna siku tulikuwa na fundi wa kuchomelea kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Alipapasa kiungo, akainama, akachungulia upande wa pili, akauliza, "Mbona sioni mshono?"

Hakuna mshono. Mafundi walikuwa wanne wanne: mmoja anachochea moto na kupasha ribiti hadi iwe nyekundu, wa pili anaishikilia tunduni, wa tatu anaiundia kichwa, wa nne anatwanga kwa nyundo kubwa. Ribiti ikipoa inasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakobana vyuma pamoja. Hata hivyo, zilizopigwa hapa mnarani ni kama theluthi moja tu. Nyingine zilipigwa karakanani Levallois-Perret, nje kidogo ya Paris, ambako kila kipande kilichorwa, kikapimwa na kutobolewa kabla ya kuletwa. Fundi wetu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe kazi yote ni matundu."

Ndiyo, na ndiyo maana tukikaribia ghorofa ya kwanza tunakaa kitako. Miguu minne ilijengwa kila mmoja peke yake, ikiinamia ndani, huku ikiegemea majukwaa ya mbao. Ilipaswa ikutane juu kwenye mkanda mmoja wa chuma, matundu yakiangaliana sawasawa. Ungekuwa wewe, ungesogezaje mguu wa chuma wenye uzito wa namna hiyo?

Walitumia mchanga na jeki za maji. Jeki zilikaa chini ya miguu, kwa ajili ya kuinua. Kule juu, kati ya chuma na jukwaa, kulikuwa na masanduku yaliyojaa mchanga. Mguu ukizidi kimo, fundi alifungua kizibo, mchanga ukachuruzika, chuma kikashuka taratibu mpaka hapo alipotaka. Desemba 1887 miguu ikaungana. Msingi ulikuwa umeanza kuchimbwa Januari mwaka huohuo, na tarehe 31 Machi 1889 mnara ulikuwa umekamilika, tayari kwa Maonyesho ya Dunia. Kwetu sisi tuliokulia pwani, tukicheza mchangani tangu utotoni, kisa hiki hakituchoshi.

Tukishavuta pumzi tunawataja pia Maurice Koechlin na Émile Nouguier, wahandisi waliobuni wazo la kwanza mwaka 1884 wakiwa waajiriwa wa Gustave Eiffel. Jina la bosi limewameza, tunaona tusiwapite kimya.

Sasa yanayohusu safari yako. Hatukimbizani: tunapanda, tunasimama, tunaongea Kiswahili chetu, tunapanda tena. Tiketi ya ngazi ni nafuu kuliko ya lifti. Mwenye shida ya goti, moyo au pumu, au mjamzito, atuambie wakati wa kuweka nafasi, si pale mlangoni. Tutamkatia tiketi ya lifti na kukutana naye ghorofa ya pili, na habari za mchanga tutamsimulia hukohuko. Vaa raba, si ndala. Beba koti hata kama chini kuna jua, maana upepo wa pale juu hauna adabu. Chupa ya maji iwe ya plastiki. Za kioo hazipiti ukaguzi.