Aliyekosewa naye aendewe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu kauli inayozidi kuzoeleka makanisani mwetu: "Mungu ameshanisamehe, wewe ni nani unihukumu?" Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na nimeisikia kwa watu waliookoka kweli, wenye machozi ya kweli. Siwabezi. Msamaha wa Mungu ni wa bure, haununuliwi kwa sadaka wala kwa kufunga. Kinachoniuma ni kuona msamaha huo ukigeuzwa kichaka cha kujifichia yule tuliyemkosea.

Mama yangu alitulea kwa cherehani. Baba alipofariki, mdogo wake aliiazima, akaiuza, kisha akakana. Miaka ikapita, baba mdogo akaokoka. Siku ya ushuhuda alipewa kipaza sauti, akasimulia ulevi na wizi wake, kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mama alikuwa ameketi mle mle, mikono ameifumbata mapajani. Ibada ilipokwisha akamjia, akamkumbatia: "Shemeji, Mungu ameshanisamehe yote." Kisha akaenda kupiga picha na kwaya. Cherehani haikutajwa. Mama alikuwa amekwisha kumsamehe zamani, na sisi watoto alitukataza kumnunia. Lakini jioni ile alisema, "Ameomba radhi kwa kila mtu isipokuwa mimi."

Sasa mtu afungue Mambo ya Walawi, sura ya 6. Aliyedhulumu anaagizwa arudishe kitu chenyewe kikamilifu, aongeze na sehemu ya tano, ampe mwenyewe. Ndipo kondoo dume apelekwe kwa kuhani. Yesu hakuulegeza utaratibu huo. Alisema ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako hapo, ukapatane naye kwanza. Na Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, hakusubiri kuambiwa. "Ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Zakayo hakuwa ananunua wokovu, maana Bwana alikuwa ameshaingia nyumbani kwake kabla hajatoa hata senti. Furaha ndiyo iliyomfungua mkono.

Wengine hunijibu kwa Zaburi ya 51, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako", kana kwamba dhambi ni siri ya mtu na Mungu wake. Jamani, zaburi hiyo ni ya Daudi, aliyemchukua mke wa Uria kisha akasababisha Uria auawe. Uria alikuwa kaburini! Daudi angemrudishia nini? Na hata baada ya nabii Nathani kumwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, upanga haukuondoka nyumbani mwake. Alisamehewa kabisa, na matokeo ya alilolitenda akaishi nayo. Yote mawili yamo katika sura moja, 2 Samweli 12, wala sioni kwa nini tuhubiri la kwanza tu.

Yule mhalifu msalabani naye hutajwa sana. Kweli hakurudisha kitu, mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Alichobaki nacho ni ulimi, na kwa huo alikiri kwamba adhabu ile ni haki yake. Alitoa alichoweza. Sisi mikono yetu iko huru.

Hapa nawapongeza ndugu zetu Wakatoliki, ingawa mimi ni Mlutheri: wanafundisha wazi kwamba ondoleo la dhambi halimfungui aliyeiba na wajibu wa kurudisha. Nasi hatuna kisingizio. Hoja ya kwanza kati ya zile 95 za Martin Luther, mwaka 1517, inasema maisha yote ya mwamini yawe toba. Maisha yote, si dakika tano za kipaza sauti.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko yote. Aliyekosewa akibaki na majonzi, yeye ndiye anayeitwa ofisini kuonywa. Anasomewa agizo la Yesu la kusamehe "saba mara sabini" kama mshtakiwa. Nimeona wanawake waliopigwa wakihimizwa wasamehe kabla hata damu haijakauka, na mpigaji akiombewa kwa upole. Bwana alisema pia, katika Luka 17, "ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu, msamehe." Onyo hilo ni la aliyekosa, na tumemwelekezea aliyeumia.

Ombi langu kwa wachungaji ni dogo. Kabla ya kumpandisha mtu madhabahuni atoe ushuhuda, mketi naye faraghani mumuulize: uliyemkosea yuko hai? Umemwendea? Ulichochukua kinaweza kurudishwa? Akiogopa kwenda peke yake, mzee mmoja amsindikize. Na kama kumwendea kutamtia aliyeumizwa hofu au hatari, basi aulizwe kwanza, na akikataa kumwona asilazimishwe. Ushuhuda unaweza kungoja Jumapili nyingine.

Mzee wa kanisa