Risala kwa Mgeni Rasmi: Daktari Mwanamke na Ngazi ya Uprofesa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wakuu wa idara, walimu wetu, madaktari mnaosomea ubingwa,
Mabibi na mabwana,

Hamjambo, na karibuni Mombasa. Tunakushukuru, Mgeni Rasmi, kwa kuiacha ofisi yako siku ya kazi ukaja kuketi nasi. Sisi ni madaktari wahadhiri, wake kwa waume. Asubuhi tuko wadi, mchana darasani, na usiku wa zamu tuko popote simu itakapotuita. Mwaka huu risala yetu ni juu ya usawa wa jinsia katika kupanda vyeo kwenye vyuo vya udaktari. Tunaomba radhi mapema kwamba nyimbo za sifa hazimo. Tumekuletea hesabu.

Tuanze na umri. Msichana anayeingia chuo kikuu akiwa na miaka 19 husoma udaktari kwa miaka 6, kisha hufanya mafunzo ya kazini kwa mwaka mmoja. Hapo ametimiza 26. Akifanya kazi miaka miwili au mitatu kabla ya kurudi kusomea ubingwa, ataanza akikaribia 29, na ubingwa wenyewe, kutegemea fani, utamchukua miaka 3 hadi 5. Basi mhadhiri mpya ni mtu wa miaka 33 hivi. Miaka mitano inayofuata ndiyo inayoamua kama atakuwa mhadhiri mwandamizi au atastaafu akiwa mhadhiri, na ndiyo hiyo hiyo ambamo mwanamke anayetaka watoto hawezi tena kuahirisha kuzaa. Kanuni za kupandisha vyeo hazimtaji mwanamke wala mwanamume. Zinahesabu machapisho na miaka, basi, na hazijui kama ndani ya miaka hiyo kuna mtu aliyejifungua mara mbili.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2019, lilikadiria kuwa wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani, lakini wanashika asilimia 25 tu ya nafasi za juu. Marekani, mwaka huo huo, wanawake walivuka nusu ya wanafunzi wote wa udaktari, ilhali kati ya maprofesa kamili walikuwa robo hivi. Wako wanaotwambia tusubiri, kwamba hawa wanafunzi wakikua hesabu itajisawazisha. Lakini wanawake wamekuwa karibu nusu ya wanaoingia vyuo vya udaktari vya Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wamesubiri vya kutosha.

Kuhusu uwezo hatutapoteza muda. Profesa Miriam Were, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alipokea Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Profesa Ruth Nduati na wenzake walichapisha mwaka 2000 utafiti wa Nairobi uliolinganisha kunyonyesha na maziwa ya kopo kwa akina mama wenye virusi vya Ukimwi, na madaktari wa watoto wangali wanausoma. Tunachouliza ni kwa nini majina haya bado yanahesabika kwa vidole.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa maoni yetu ngazi hukatika baina ya mhadhiri na mhadhiri mwandamizi, na hukatwa na mambo madogo madogo ambayo hakuna aliyekaa akayapanga kwa nia mbaya.

La kwanza ni kamati. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, inataka vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili za jinsia moja. Tunaiunga mkono kanuni hiyo, na vyuo vimefanya vyema kuifuata hadi kwenye kamati za ndani. Lakini chukua idara ya mfano: madaktari 16, wanawake 4, kamati 5 za watu 9 kila moja. Kila kamati inahitaji wanawake 3 angalau, maana yake viti 15 kwa watu 4. Viti 30 vilivyobaki wanagawana wanaume 12. Mwanaume anakuwa na kamati mbili au tatu, mwanamke tatu au nne, na kalamu ya kuandika kumbukumbu za mkutano mara nyingi husukumwa upande wake. Kamati nne zikikutana kila mwezi, kila moja kwa muda wa saa mbili, siku nzima ya kazi imekwenda, na siku hiyo haina hata alama moja kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Yaani kanuni iliyotungwa kumwinua ndiyo inamla saa za kuandika makala. Dawa si kuifuta kanuni. Unganisheni kamati tano ziwe tatu: viti vya wanawake vitakuwa 9, watatu watakuwa na kamati mbili mbili na mmoja tatu. Pakizidi, azimeni mjumbe kutoka idara nyingine.

La pili ni kazi isiyoonekana. Raundi ya wadi yenye wanafunzi kumi huchukua muda mrefu kuliko raundi ya daktari peke yake. Kutunga mtihani, kumsikiliza mwanafunzi anayetaka kuacha masomo, kusahihisha rasimu ya tasnifu kwa mara ya sita: yote ni kazi ya chuo, na sehemu kubwa haihesabiwi. Hapa tunaomba jambo moja jepesi, fomu ya saa. Kila mhadhiri, mwanamke kwa mwanamume, ajaze ukurasa mmoja kila semista: saa za raundi za kufundishia, mitihani, usimamizi wa tasnifu, kamati na zamu za usiku. Mkuu wa idara azibandike pamoja ukutani. Hatutaki adhabu kwa yeyote. Tunataka mgawanyo wa semista inayofuata ufanywe watu wakiitazama karatasi hiyo.

La tatu ni utafiti kufia njiani. Idhini ya kamati ya maadili hutolewa kwa kipindi, kwa kawaida mwaka mmoja, na isipohuishwa kabla ya kumalizika, ukusanyaji wa data lazima usimame. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na inasema wazi kuwa likizo yake ya mwaka haipotei kwa sababu hiyo. Haisemi lolote kuhusu utafiti wake. Idhini ikimalizika akiwa kitandani, anarudi kukuta msaidizi ameshaajiriwa kwingine na wagonjwa wa ufuatiliaji wamepotea. Utafiti wa miezi kumi na minane umekuwa wa miaka mitatu. Tunapendekeza kila pendekezo la utafiti litaje tangu mwanzo mtafiti mwenza mwenye mamlaka ya kuhuisha idhini na kusaini malipo, na miezi ya likizo itolewe kwenye hesabu ya miaka anapopimwa kwa cheo. Na zikipatikana fedha, zilipe mikono ya ziada. Mwaka 2015 wakfu wa Doris Duke ulitoa ruzuku kwa vyuo 10 vya udaktari Marekani ili madaktari watafiti wachanga wenye majukumu ya ulezi waweze kuajiri msaidizi. Mshahara wa msaidizi mmoja kwa miezi sita ni nafuu kuliko kumpoteza bingwa aliyesomeshwa miaka kumi na zaidi.

Kuna pia namna watu wanavyopimwa. Nchini Kanada, uchambuzi uliochapishwa 2019 ulitazama ruzuku za utafiti wa afya. Wakaguzi walipoambiwa wapime hasa ubora wa sayansi, pengo la kufaulu baina ya wanaume na wanawake lilikuwa asilimia 0.9. Walipoambiwa wampime mtafiti mwenyewe, pengo likapanda hadi asilimia 4. Barua za kupendekeza watu kwenye vyuo vya udaktari zimechunguzwa pia: uchunguzi wa Marekani wa 2003, wa barua zaidi ya 300, uliona za wanawake zikiwa fupi zaidi na zenye maneno mengi ya kutia shaka. Kwa hivyo tunaomba jopo la vyeo lisome machapisho kwanza na barua mwisho, na kila mjumbe aandike alama zake kabla ya mwenyekiti kufungua kinywa. Na kwa kuwa tuko kwenye maneno: mgonjwa akimwita daktari "sista", kama muuguzi, tunamsamehe. Mwenzetu anayemtambulisha mwanaume kwa "Daktari" na mwanamke kwa jina la kwanza, mbele ya wanafunzi, huyo tunaomba ajirekebishe.

Kupanda cheo kusingoje mtu aombe mwenyewe. Ofisi ya rasilimali watu itoe kila Januari orodha ya wote waliotimiza miaka, na asiyetaka kuwasilisha faili ndiye aandike barua.

Kuhusu mazingira, mengi yamo tayari kwenye sheria. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu, soketi ya umeme, meza na viti, na kisiwe chooni. Kwa hapa kwetu jokofu si anasa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama nje ya jokofu kwa muda usiozidi saa nne, nayo ni hesabu ya chumba chenye nyuzi 25. Mombasa mwezi Machi, nani ana chumba cha nyuzi 25 bila eyakondishena? Daktari mjamzito anayefanya kazi kwenye eksirei apewe kipimamionzi cha pili cha kuvaliwa kiunoni, ndani ya aproni ya madini ya risasi inayokinga mionzi, kisomwe kila mwezi. Kiwango kinachokubalika kwa mtoto tumboni, tangu ujauzito unapotangazwa, ni milisieveti 1 (kipimo cha mionzi). Akiwa na kifaa hicho hana haja ya kuondolewa kazini kwa woga, na kuondolewa huko humpotezea oparesheni za kujaza kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za mafunzo. Mikutano nayo iwe kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Mkutano wa saa kumi na moja jioni humkuta mzazi mmoja akimngoja mtoto atoke madrasani kwa maalimu na mwingine kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Jambo la mwisho ni zito. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri wa watu 20 na zaidi awe na sera ya unyanyasaji wa kingono, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamgusa mwenye mamlaka anayeyatumia hivyo. Sera hukwama pale malalamiko yanapopelekwa kwa mkuu yule yule anayesaini kitabu cha oparesheni cha mlalamikaji. Tunaomba malalamiko yapokelewe nje ya idara, na msaini wa kitabu abadilishwe siku hiyo hiyo, kabla uchunguzi haujaanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fomu ya saa iko kwenye bahasha ya kaki mbele yako, ukurasa mmoja. Tunaomba uidhinishe ijaribiwe kwa semista moja katika idara mbili, upasuaji na magonjwa ya watoto, na mwezi mmoja baada ya semista kwisha tukuletee matokeo yakiwa yamejazwa, mazuri kwa mabaya.

Ni sisi,
Madaktari Wahadhiri,
Mombasa.